Maneno Yangu Kinywani mwa Binti wa Kikorea

Mtaani kwetu Keko tuliamshwa na harufu ya vanishi. Mafundi seremala walianza kuyapaka makabati mapema asubuhi, na kufikia adhuhuri harufu ile ilikuwa imeshaingia kwenye wali, kwenye mashuka, hata kwenye nywele zetu. Mama aliwashonea mafundi hao vitambaa vya makochi, na tangu baba alipohamia kwa mwanamke mwingine huko Vingunguti, alishona bila kuinua uso. Nilikuwa na miaka kumi. Nikimuuliza jambo, alijibu kwa kichwa, pini zikiwa mdomoni.

Faraja yangu ilikuwa Rehema, binti wa mwenye nyumba wetu. Alikuwa amemaliza kidato cha sita, hana chuo wala kazi, na mchana kutwa alitazama tamthilia za Kikorea sebuleni kwao. Alasiri wanawake wa nyumba nzima walijaa pale, wengine na mchicha wa kuchambua. Maandishi chini ya picha yalikuwa ya Kiingereza, na Rehema ndiye aliyetusomea kwa Kiswahili. Binti wa kwenye runinga akilia, na yeye sauti ilimkatika. Mama mkwe akifoka, Rehema alifoka hadi mafundi nje wakasimamisha randa. Wale vijana wa Seoul walikuwa kama yeye tu: wamesoma, wanasubiri maisha yaanze.

Alinipenda, au mimi niliamini hivyo. Alinisuka, akanifundisha kusoma yale maandishi neno moja moja. Siku moja kichwa changu kikiwa magotini pake, nilimwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu.

"Dada Rehema, natamani wewe ndiye ungekuwa mama yangu. Mama siku hizi amekuwa kama cherehani, anatoa sauti lakini haongei."

Akanishika shavu. "Hilo litabaki hapa hapa, mdogo wangu."

Wiki haikuisha. Mama, ambaye hakuwa na kawaida ya kuja kutazama, siku hiyo alivutwa mkono na mama yake Rehema. "Shoga, njoo upumzishe macho." Akakaa mkekani karibu na mlango. Kwenye runinga msichana alikuwa amempigia magoti shangazi yake. Maandishi yalikuwa mafupi na niliweza kuyasoma: alikuwa anamwomba asiondoke, basi. Rehema akavuta pumzi, akasema kwa sauti ya kitoto, "Shangazi, natamani wewe ndiye ungekuwa mama yangu. Mama amekuwa kama cherehani, anatoa sauti lakini haongei."

"Maskini mtoto wa watu!" akasema mmoja, akijifuta macho kwa kanga. Mama hakutazama runinga. Alinitazama mimi. Kisha akainuka, akakung'uta nyuzi kwenye gauni, akatoka.

Nilimfuata Rehema jikoni. "Kwa nini umesema?"

"Yalikuwa matamu mno," akajibu, uso umemng'aa. "Umeona walivyolia?"

Nyumbani mama aliniuliza mara moja tu. "Yale ni maneno yako?" Nikasema si yangu. Kuanzia siku ile alitoa pini mdomoni kila nilipomwita, akajilazimisha kuniongelesha, akiniuliza habari za shule kama mtu anayemkaribisha mgeni. Hilo liliniumiza kuliko ukimya wake wote.

Sasa mimi na mama tunaishi huko Bunju, na tamthilia hizo zinatufikia zikiwa tayari zimeingiziwa sauti za Kiswahili. Juzi jioni binti mmoja wa Kikorea alifungua mdomo, nikaitambua sauti. Rehema amepata kazi aliyoistahili. Nikanyoosha mkono nibadilishe chaneli.

"Acha," mama akasema. "Anaijua kazi yake."

Nimeshaupita umri aliokuwa nao Rehema wakati ule. Nimekaa nyumbani na vyeti vyangu, najua kiu ya kutaka watu wakusikilize. Namwelewa, lakini kumsamehe bado. Mama na mimi hatujawahi kulizungumza jambo lile. Ila nikimwambia nampenda, hunitazama kwanza kabla ya kujibu, kama anayepima ni maneno ya nani, na mimi husubiri.