Meno ya Mama Mkwe na Nta Yangu

Hili jambo nimelikalia kimya tangu mwaka jana, na lingekuwa la mtu mwingine ningekuwa nimeshalisimulia Musoma nzima, lakini ni langu, na kwa kuwa watu wa Bunda tayari wanalisimulia wanavyotaka (eti nilimng'oa mama mkwe meno, uongo mtupu, yalitoka yenyewe), afadhali mlisikie kwangu.

Mimi ni Magesa wa Bweri. Shule niliishia darasa la nne, lakini kwenye nta hakuna wa kunifundisha kitu, nilianza na sufuria moja ya kuazima na leo nina duka Iringo, mishumaa yangu, asali yangu, nyumba ya bati la rangi. Tatizo langu moja tu, kukaa siwezi. Hata chakula ninakulaga nimesimama.

Binti yangu Pendo alikuwa anaolewa Bunda. Bibi yake, yaani mama mkwe wangu, anaishi Butiama na magoti hayamruhusu kusafiri, kwa hiyo sendofu, sherehe ya kumuaga binti, tukaipeleka kwake, maana kwa upande huo bibi asipomtamkia mjukuu neno la kumtoa, hata uchinje ng'ombe wangapi, binti hajatoka. Sasa siku tatu kabla, bibi akashikwa na kifua, sauti ikakauka. Dawa anayoiamini ni moja, unga wa gome la mti, ila ni mchungu huo, akionja tu anatapika.

Na mjue mama mkwe huyu hakunitakaga toka mwanzo, alitaka mkwe mwalimu. Miaka ishirini na mbili hakuwahi kunisemesha. Huku kwetu mama mkwe unampisha njia, unamsalimia kwa mbali unaangalia chini, ukiwa na neno unalipitishia kwa mtu, kwa hiyo mpaka siku hiyo nilikuwa sijui kimya chake ni heshima au ni dharau.

Nikamwambia mke wangu, "Mama Pendo, acha kulia. Hiyo dawa nitaivisha koti."

Nta haina ladha, uchungu ukiufungia ndani ulimi hauoni kitu, huko tumboni itajijua. Kwanza nikamwaga unga kwenye nta iliyoyeyuka nikakoroga, likatoka tope. Nikakanda unga mwingine na uji mwepesi, nikafikicha vipunje kama mtama, nikavikausha, nikavitumbukiza vyote kwa mara moja, vikashikana vikawa kashata. Njia ya tatu ndiyo yenyewe (na hii hakunionyesha mtu wa chuo): vipunje unaviweka kwenye sufuria pana yenye uvuguvugu, unaitingisha bila kupumzika huku unadondosha nta kijiko kwa kijiko, mpaka ipoe, kila kipunje kinavaa koti lake peke yake. Kazi ya kutingisha ndiyo kazi ya mtu kama mimi.

Ila koti moja lilikuwa linavujisha uchungu, likatakiwa la pili, na nta safi ikawa imeisha. Ilibaki ya masega mabichi, na hiyo ukishaiyeyusha unatakiwa uichuje kwa kitambaa, uiache itulie mpaka kesho yake, ile gundi ya nyuki ishuke chini. Ilikuwa asubuhi ya sendofu yenyewe, gari linaunguruma nje, Mama Pendo anapiga honi. Kungoja mpaka kesho? Mimi? Nikaimwagia hivyo hivyo na gundi yake. Nikameza kimoja kwa maji, uchungu hakuna, nikajisifu mwenyewe humo jikoni maana hapakuwa na wa kunisifu.

Butiama tukakuta turubai limejaa, wageni wa Bunda wameshapangwa mbele. Mimi huku nasogeza viti, kule nagusa spika, huku nahesabu kreti za soda, na katikati ya mbio hizo nikampa kikopo cha vile vipunje shemeji yangu Sabina, mdogo wake Mama Pendo.

"Mpelekee mama. Mwambie haina uchungu hata kidogo."

Nikakimbilia soda. Lile neno la kwamba ameze kwa maji, asitafune, nikabaki nalo mwenyewe.

Emsii akamwita bibi atoe neno. Nikatazama kwa pembeni, naona taya lake linapanda, linashuka, halafu likagoma kupanda na kushuka. (Aliambiwa haina uchungu, akadhani pipi ya asali, akatia kiganja kizima.)

"Mmmm," akasema bibi kwenye maikrofoni.

"Bibi ana uchungu wa kumwacha mjukuu, jamani! Vigelegele!" emsii akadakia.

Vikapigwa. "Mmmm!" Sasa anatikisa kichwa kwa hasira. Baba wa bwana harusi akainuka kwenye kiti.

"Samahani, tuelewe nini? Bibi anakataa binti kutoka?"

Pendo akaanza kulia na wanja wake wote. Ndugu zangu, miguu ilinitoka yenyewe. Nikapora kikombe cha chai ya moto mkononi mwa mgeni, nikapita katikati ya turubai, nyuma namsikia Mama Pendo, "Wewe Baba Pendo, unaenda wapi, huyo ni mama!"

"Mama, chai! Inayeyusha!" Na nikamtazama usoni, mara ya kwanza maishani.

Mama mkwe hakuingoja chai. Akatia vidole, akavuta, donge la nta likatoka, na nyuma ya donge yakafuata meno ya juu, yote, yamepangana, yakatumbukia pamoja na donge lake kwenye kikombe changu. Chubwi!

Mimi fundi wa nta nilikuwa sijui mama mkwe ana meno ya bandia, na ningejulia wapi, uso wenyewe nilikuwa siutazamagi! Mama mmoja wa Bunda akacheka kwa pua, basi turubai zima likaangua. Nami mikono ikakosa kazi, ikafanya inayoijua: nikaanza kutingisha kikombe. (Kusema haki, nta ilielea juu vizuri sana.)

Mama mkwe akachukua meno yake, akayapangusa kwa kitenge, akageuka pembeni, akayarudisha. Akavuta maikrofoni. Sauti ilikuwa ya mkwaruzo lakini mpaka barabarani walisikia.

"Magesa."

Kumbe jina langu analijua.

"Kaa chini."

Nikakaa. Kiti hakikuwepo, nikakaa kwenye majani na kikombe changu. Ndipo akamgeukia Pendo, akamshika kichwa, akamtolea neno lake lote, na baba wa bwana harusi akarudi kwenye kiti anafuta machozi, ya kicheko au ya furaha sikumuuliza.

Wazee walinitoza mbuzi kwa kumsogelea mkwe, nikatoa, mbuzi ninao. Kwenye gari Mama Pendo akaniambia, "Miaka yote hii hukuwahi kuniuliza habari za meno ya mama?" Nikamjibu, nani anaulizaga meno ya mkwe?

Siku hizi ninauliza. Nta ikiyeyuka ninavuta stuli, ninaichuja, ninakaa nayo mpaka itulie, na mtu akiniletea dawa ya mkwe wake niivishe koti, kabla sijawasha jiko namuuliza kwanza: meno ni ya kwake?