Mtangazaji Aliyeuliza Mambo Madogo

Ukitaka kuniogopesha, usinipigie makelele. Niulize tu, kwa sauti ya kawaida, mlango wangu wa jikoni unafungukia ndani au nje. Hapo utaniona nikishika kifua.

Tabia hiyo niliambukizwa na mtangazaji mmoja wa redio ambaye sura yake siijui mpaka leo. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni, stesheni za FM ndiyo zimeanza kuchipuka Nairobi, na yeye alipewa zile saa za usiku ambazo hakuna mwenye duka anayetaka kuzitangazia sabuni. Watu walimpigia simu kumsimulia waliyoyaona: majini, mizimu, wachawi wakimbiaji wa usiku, marehemu aliyerudi kudai koti lake. Kazi yake ilikuwa kuwasikiliza, basi. Lakini kusikiliza kwenyewe kuna watu na watu.

Aliwahi kwenda likizo, wakamweka kijana mwingine badala yake. Lo! Yule alitia ngurumo, akatia bundi, akacheka kicheko cha kishetani kila mtu akitaja kaburi. Mimi na mwenye nyumba wangu tulimsikiliza kwa hasira kama watu waliouziwa maziwa yaliyotiwa maji, kisha tukaenda kulala mapema bila woga wowote.

Yule wetu hakuwa na vikorombwezo. Mtu angepiga simu akitetemeka, aseme ameona kitu kimesimama koridoni, naye angeuliza, "Swichi ya taa iko upande gani?" Au, "Ulikuwa umevaa viatu?" Mpigaji angefikiri kidogo, ajibu, na wewe uliye kitandani kwako ungegeuka kutazama swichi yako. Hakumwambia mtu kwamba anamwamini, wala hakumwambia anadanganya. Mpigaji akinyamaza, naye alinyamaza, na kimya hicho kikikuingia sikioni unavuta miguu ndani ya blanketi hata kama joto ni la kukausha nguo. Nilimpenda sana. Nilimwogopa pia, na nadhani vyote viwili vilikuwa kitu kimoja.

Tulikuwa tumepanga chumba cha nyuma, kile watu wa Nairobi wanakiita esikyu, kwa mama mmoja mjane kule Buruburu. Mume wangu alifanya kazi za zamu kwenye yadi ya treni, na wiki ya zamu ya usiku nilibaki peke yangu, kwa hiyo mwenye nyumba alinikaribisha sebuleni kwake tusikilize pamoja. Alikuwa na simu ya mezani, na kwenye kile kidude cha kuzungushia namba alitia kufuli, maana alisema wapangaji wa mjini hawaaminiki. Ufunguo aliuvaa shingoni pamoja na rozari. Hakuwahi kuipigia ile programu. Alisema yeye ni wa kusikia ya wenzake tu.

Kisha nikajifungua mtoto wa kiume, mtoto wangu wa kwanza kutoka akiwa hai. Kabla yake nilikuwa nimempoteza mmoja, kwa hiyo mniwie radhi nikisema kwamba nililala na mkono wangu juu ya kifua chake, nikihesabu pumzi badala ya kulala. Mama mkwe alikuja kutoka Magharibi ya Kenya na kiroba cha unga na samaki wa kukaushwa, akashika jiko, akashika mtoto, akanishika na mimi. Sina neno baya la kusema juu yake. Alinipikia uji nikiwa sijauomba.

Wiki ya tatu, mtoto alianza kulia usiku. Si kilio cha njaa. Alilia akakauka, akapumzika kidogo, akaanza tena, usiku wa kwanza, wa pili, mpaka majirani wakaanza kunipa pole asubuhi kwa sauti ya kulalamika.

Mama mkwe hakuhangaika. "Huyu anataka jina, mama," aliniambia. "Kuna mtu wetu amekuja. Tumtafute."

Kwetu sisi hilo si jambo la ajabu, na usidhani tulikuwa hatuna kanisa. Ubatizo ulikuwa umepangwa na padri alikuwa anajua. Lakini jina la ukoo ni mambo mengine. Marehemu anayetaka kukumbukwa humjia mtoto, humliza, na wazee huketi wakitaja majina ya waliotangulia moja baada ya jingine. Jina litakalomnyamazisha ndilo lake. Jina la mume wangu lilipatikana hivyo. Langu pia.

Basi usiku ule tulipunguza taa. Mume wangu alikuwa kazini. Mama mkwe alimpakata mtoto, akataja jina la babu. Mtoto akalia. Akataja la bibi, la shangazi, la ndugu waliokufa wadogo. Alikuwa akitaja, halafu anangoja, kama mtu anayebisha hodi nyumba zilizofuatana. Mtoto akalia tu, ila kilio kilikuwa kinapungua nguvu, na mimi nikadhani tunakaribia.

Majina yakaisha. Nikamwona mama mkwe ameinamisha kichwa, na hapo nikajua kuna moja alilolikwepa. Nililijua. Kila mtu aliyeolewa pale alilijua bila kuambiwa: shemeji yake, aliyejitoa uhai mwenyewe, akazikwa nje ya ua. Mtu kama huyo hapewi mtoto. Sitalitaja hata hapa, na msiniulize.

"Mama, usiliseme hilo," nikamwambia.

"Nisipolisema atalia mpaka lini?"

Akalisema, taratibu, kama unavyoita mtu aliye chumba cha pili.

Mtoto akanyamaza.

Sijawahi kuogopa vile maishani. Mama mkwe alianza kusali kwa lugha ya nyumbani, maneno yakigongana. Mtoto alikuwa ametulia mikononi mwake, macho nusu wazi, anatazama mahali pasipo na mtu. Nilimchukua, nikamfunga shali, nikavuka ua mbio hadi kwa mwenye nyumba, na nyuma yangu mama mkwe bila viatu. Nilikuwa nikihisi kwamba kuna wa nne anayetufuata. Sikugeuka kuangalia.

Mwenye nyumba alikuwa sebuleni na redio yake. Tulimwambia yote kwa vipande. Alifanya ishara ya msalaba, akatazama redio, akatazama simu, kisha akavua ule ufunguo shingoni. "Wacha tuulize yule," akasema. "Yeye amesikia mengi."

Mume wangu hakuwa na simu huko yadini, padri alikuwa mbali, na barabarani usiku wakati ule hapakuwa mahali pa wanawake watatu na mtoto. Sasa mnaweza kucheka. Sisi tuliona ndiyo akili yote iliyobaki duniani. Kufuli likafunguliwa, namba ikazungushwa mara nyingi, na mwishowe nikaisikia ile sauti ndani ya sikio langu.

"Punguza redio yako hapo nyuma, mama. Haya. Uko wapi?"

Nikasema Buruburu. Nikamweleza kilio, majina, na lile jina la mwisho bila kulitaja. Nilimwambia tumemwita mtu mbaya naye ameitika, na sasa amekaa ndani ya mtoto wangu, na nikamwomba aniambie anatolewaje.

Nilitarajia angeuliza juu ya marehemu, alikufaje, alizikwa wapi. Kituo kizima cha redio kilikuwa mikononi mwake. Sidhani palikuwa na mtu aliyezima redio yake dakika ile, kuanzia Kariobangi mpaka Donholm.

"Mtoto umemshika wewe?" akauliza.

"Ndiyo."

"Mikono yake iko wapi?"

Nikatazama. "Inaning'inia."

"Yote miwili?"

"Yote."

Akanyamaza kidogo. Kimya kile kile.

"Alinyonya mara ya mwisho lini?"

Nikahesabu kurudi nyuma. Jioni alikataa ziwa. Mchana alilishika akaliacha. Tulikuwa tumeshughulika na majina hatukuona.

"Sijui," nikasema.

"Haya. Weka kidole chako ndani ya kiganja chake. Katikati. Umeweka?"

"Nimeweka."

"Anakishika?"

Kila aliyewahi kumbeba mtoto mchanga anajua jinsi wanavyokamata kidole, hata wakiwa usingizini. Nilingoja. Mwenye nyumba akaja na taa. Kile kiganja kilibaki wazi, na kilikuwa baridi ilhali kifua kilikuwa cha moto.

"Hakishiki," nikasema, na sauti yangu niliisikia ikirudi kutoka redioni, ndogo, kama ya mtu mwingine.

"Mama, nisikilize vizuri. Huyo mtoto hajanyamazishwa na mtu. Huyo mtoto amechoka. Ni mgonjwa. Aende hospitali sasa hivi, si asubuhi. Mko na gari?"

Hatukuwa nalo.

Basi akageuka, akaongea na jiji. Hakupandisha sauti hata hapo. Alisema yeyote mwenye gari Buruburu, anayemsikia, atoke. Akaniuliza jengo gani lililo karibu ambalo kila mtu analijua, nikamtajia kanisa, akasema gari lingoje hapo kwanza na lisije nyumbani kwa mtu. Halafu akaniambia nimlaze mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, nivae sweta juu yake. Akaweka wimbo. Hakuwa na desturi ya kuweka wimbo katikati ya simu ya mtu.

Tulikuwa bado tunatafuta viatu vya mama mkwe wakati geti lilipogongwa.

Mwenye nyumba alizima taa palepale. Huo ulikuwa wakati wa majambazi, watu walikuwa wanavunjiwa milango kwa mawe, na sisi tulikuwa tumetangaza redioni kwamba tuko wanawake peke yetu. Nilimbana mtoto nikahisi pumzi yake, fupi fupi, kwenye shingo yangu. Niliogopa mzimu, niliogopa wezi, niliogopa kile kiganja, sijui nilipata wapi nafasi ya kuviogopa vyote.

"Ni nani?" mwenye nyumba akaita kutoka nyuma ya pazia.

"Mathe, fungua! Mimi si mwizi, nilikuwa naskiza redio! Niko hapa nyumba ya tatu, nimesikia huyo mtoto akilia wiki mzima!"

Hakuna aliyesogea. Mwizi naye si angesema hivyo hivyo? Kisha wimbo ukaisha, na yule mtangazaji akaanza kuongea sebuleni kwetu. Nje ya geti, kutoka kwenye gari lililoachwa mlango wazi, sauti ile ile ikaongea maneno yale yale. Alikuwa anasema, "Mama wa Buruburu, kama bado uko ndani, toka." Mwenye nyumba akachukua funguo za geti.

Mtu mwenyewe alikuwa amevaa koti juu ya suruali ya kulalia. Njia nzima hakutuuliza chochote. Redio ya gari ilikuwa imewashwa, na watu walikuwa wameanza kupiga simu wakitaka kujua jina lililotajwa ni lipi, na marehemu alikuwa nani, na kama mtoto alibadilika macho. Kila mmoja alijibiwa kwamba habari hiyo imefungwa. Mmoja aling'ang'ania. Akaulizwa, "Wewe una gari?" Akasema hana. Akakatiwa.

Nimesikiliza wengi tangu hapo, wengine wana sauti nzuri kumshinda. Watu hupenda kubishana nani hodari, na husema hodari ni yule anayejua hadithi nyingi, au asiyeogopa. Upuuzi. Yule aliogopa. Niliisikia hofu yake kwenye simu, katika kile kimya cha kabla ya kidole. Tofauti ni kwamba wengine wanaogopa jini, naye alikuwa anamwogopea mtu aliyeshika simu.

Hospitalini walimchukua mtoto mikononi mwangu bila hata salamu. Daktari alisema maradhi yameingia kwenye damu, na akasema tungengoja kukuche angekuwa na kazi nyingine, akaishia hapo. Walimnyoa upande mmoja wa kichwa wapate mshipa wa kuwekea dripu. Nesi alitaka jina la kuandika kwenye kadi. Mimi na mama mkwe tulitazamana, hakuna aliyethubutu. Nesi akaandika "mtoto wa" na jina langu, akaenda zake.

Tuliketi kwenye benchi karibu na kile kitanda kidogo. Sikusali. Nilitazama tu kifua kikipanda, nikingoja kishuke, kikishuka nikingoja kipande. Mama mkwe alikuwa amejikunyata pembeni yangu, mdogo kuliko nilivyowahi kumwona, na miguu yake ilikuwa bado na vumbi la ua.

Mwanga ulipoanza kuingia dirishani, mtoto akakunja uso. Akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Kisha akalia, kilio kikavu, kibaya, cha hasira, kikaamsha wodi nzima.

Mama mkwe aliinuka. Mdomo wake ulikuwa umeshafunguka, na pumzi ya kuita jina ilikuwa imeshavutwa. Nilimwona anajishtukia. Akaweka viganja vyote viwili mdomoni, akavikandamiza hapo, machozi yakimchuruzika juu ya vidole.

Tukamwacha mtoto alie.