Vidole vya Bibi Harusi

Karani anayechukua alama za vidole katika ofisi ya pasipoti hukipangusa kioo cha mashine kwa leso yake mwenyewe kabla ya kila mtu, kisha hukikagua kwa jicho moja kama mnunuzi wa dhahabu. Sauti yake ni ya chini, na mkono wa mtu huushika bila kuuvuta. Jumatatu alifika Nyevu, bibi harusi wa juzi, anayetakiwa kumfuata mumewe Maskati kabla ya mwezi kwisha. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimepakwa hina na piko, ile rangi nyeusi ya urembo, kama ilivyo ada, na mashine ikazikataa zote. "Mwandikie hana alama, aende zake," akasema mwenzake wa meza ya pili. "Nikiandika uongo hapa," karani akajibu, "ataulizwa yeye kule ugenini, peke yake."

Wengi hudhani huruma ni kuipinda sheria. Yeye aliagiza bakuli la maji ya moto na sabuni, akamwambia asugue taratibu, na mashine ilipokataa tena akasema, "Tujaribu tena, mwanangu." Nyuma mtu akapaza sauti, "Karani, kwani huyo umemuoa wewe?" Hakugeuka. Vidole vikakubaliwa kimoja kimoja, na gumba la mwisho lilipowasha taa ya kijani Nyevu akajifunika uso kwa viganja vyake vilivyochorwa maua. Karani akapangusa kioo. "Anayefuata. Na mwenye harusi wiki hii aje kwangu kwanza, hina itamngoja."