Meza ya Biskuti Yaanza Kuisha Kabla ya Bibi Harusi Kufika

Saa nne asubuhi, Jumamosi, ukumbi wa chini ya kanisa hapa Youngstown unanukia siagi na vanila mpaka harufu inaganda kwenye nguo. Darlene Hudak kainama juu ya meza ndefu, anapanga biskuti za lozi kwenye sinia, moja juu ya nyingine kama mnara. Anarudi nyuma. Anakunja uso. Anapangua.

"Zinaonekana chache," anasema. "Ni chache kweli, au ni macho yangu?"

Jamani, ni zaidi ya elfu mbili! Wageni ni mia mbili!

"Chache," anajibu shangazi yake, Bernadette, kakaa kwenye kiti cha kukunja, mkoba mapajani. "Lakini endelea tu mwanangu. Mimi nani?"

Darlene, miaka hamsini na nne, ni mpishi wa shule ya msingi. Analipwa dola kumi na nne kwa saa. Meza ya biskuti haimpi hata senti. Harusi ikija, wanawake wa ukoo wanaoka wiki nzima, wageni wanakula, kisha wanajaza visanduku waende navyo nyumbani. Ndivyo ilivyo.

Kuoka si kazi. Kazi ni kukadiria! Miaka yote alikadiria shangazi mkubwa, Ludmila, mpaka alipofariki wakati wa Kwaresima. Ukoo ukabishana weee, mwishowe Darlene akapewa hii harusi moja, ya Natalie, binti wa dada yake. Majaribio.

"Meza ikiwa tupu kabla bibi harusi hajacheza, basi, nanyang'anywa," anasema. "Mji huu watu watasahau gauni, watasahau keki. Meza iliyoisha? Utazikwa nayo."

Anakadiriaje?

"Sihesabu vichwa, nahesabu mikoba. Bibi mwenye mkoba mkubwa ni watu watatu. Kijana wa miaka kumi na sita, wawili. Anayesema anapunguza mwili, huyo ndiye hatari, mhesabu wanne."

Na ukoo wa bwana harusi, wale sitini wanaotoka Arizona?

"Wageni wale, wataona haya. Nimewawekea mbili mbili."

"Mbili mbili!" Bernadette anacheka mpaka anakohoa. "Haya, mama."

Saa tisa milango inafunguliwa. Maharusi bado wako nje wanapigwa picha. Watu wa Arizona wanaona visanduku vyeupe mlangoni, vina majina ya maharusi. Hakuna aliyewaambia kwamba visanduku ni vya mwisho kabisa, baada ya dansi. Hapa nani aambiwe? Tumezaliwa tunajua.

Basi wanapanga foleni. Wanajaza. Kwa adabu zote! Wanashukuru!

Sinia za lozi zinaanza kuonyesha chini.

Darlene kashika ukingo wa meza, uso mweupe kama unga. Bernadette anainuka. Kila mtu anajua kinachofuata: kicheko.

Hacheki. Anapita meza za ukoo moja moja, anainama masikioni: "Mikono chini. Wa nyumbani hatuli."

"Nimeshameza!" analalamika mjomba Stash, makombo kwenye masharubu.

"Basi hiyo iwe ya mwisho, mlafi wewe."

Upande mmoja wa ukumbi unatafuna, upande mwingine umefumba mdomo. Bibi wa bwana harusi, Lorraine, anaona. Anamfuata Darlene.

"Dada, mbona nyie hamli? Mmetia nini humu?"

"Hatujatia kitu, mama." Anaonyesha sinia zinazoisha. "Tunataka Natalie aikute meza imejaa. Visanduku huwa baadaye."

Lorraine anatazama kisanduku chake. Anamgeukia mumewe. "Walter! Rudisha! Wote, rudisheni!"

Wanarudisha! Biskuti za jamu juu ya za chokoleti, zile nyembamba zenye vitundu kama lesi zimekatika katikati. Minara hakuna tena, ni vilima. Lakini meza imejaa.

Natalie anaingia na gauni lake, anasimama.

"Mama mdogo, nani kapanga hivi?"

"Wakwe zako," anajibu Darlene, na hapo ndipo machozi yanamtoka.

Natalie akacheza, watu wakajaza visanduku, Walter akajaza viwili.

Sasa Darlene anafuta meza. Bernadette anavaa koti.

"Septemba mtoto wa Stash anaoa," anasema. "Wakwe wanatoka Texas. Utawawekea ngapi?"

Darlene kaacha kufuta. Ameelewa alichopewa.

"Sijui bado, shangazi. Mwezi wa saba nitawaalika chakula nyumbani kwangu. Kwanza nataka niwaone wakila."