Babu Yenu Alikuwa Koplo

Ule mchana tulipomtoa babu yenu mochari ili tumsafirishe nyumbani, mwanangu, haujanitoka machoni mpaka leo. Kaa hapo nikuambie, na hiyo simu uiweke chini. Sitasema mara mbili.

Hema lilikuwa limefungwa nje ya kanisa letu hapa Gatwekera. Basi la kwenda ushago, kijijini kwetu, lilikuwa linangoja barabarani, jeneza liko mbele juu ya meza. Mimi moyoni nilikuwa na jambo moja tu. Babu yenu hakuwa mtu wa kuomba vitu. Hata akiwa mgonjwa, ukimuuliza atakula nini, anasema, "Chochote kilichoko." Lakini siku zake za mwisho aliniomba kitu kimoja: kabla hajaondoka Nairobi, Zablon ampigie saluti. Zablon ni yule mzee fundi wa viatu wa Gatina, kule Kawangware, mwenye mguu mmoja wa bandia. Walikuwa jeshini pamoja. Safari ya ushago hangeiweza na mguu ule, kwa hivyo ilikuwa ni hapo kanisani au basi tena.

Nikaingia hemani nimeshikwa mkono na shangazi yako. Nikainua macho.

Nyuma ya jeneza walikuwa wamesimamisha bango kubwa kuliko mlango wa nyumba yangu. Kichwa kilikuwa cha babu yenu, kile cha picha ya harusi ya mamako. Kutoka shingoni kwenda chini alikuwa mtu mwingine. Mtu mnene. Amevaa magwanda ya jenerali, nyota mabegani, medali kifua kizima, na kamba za dhahabu zinaning'inia kama za pazia. Chini yake wameandika, "Jenerali wetu." Kugeuka hivi, wajukuu wote waliokuja wana fulana za picha ileile. Nilitaka kucheka, Mungu anisamehe, halafu nikakumbuka Zablon yuko njiani.

Nikamwita Brayo, binamu yako, kwa sababu mambo ya picha ni yake.

"Nani huyu?"

"Si ni Babu, shosho. Jamaa wa studio amemtoa poa sana."

"Babu yako alikuwa na tumbo lini?"

"Hiyo mwili ilikuwa kwa kompyuta, shosho. Sasa tungeandika koplo watu waseme nini? Koplo ni kakitu kadogo."

Kakitu kadogo. Nikakaa kwenye kiti nikiangalia lile tumbo.

Nilipoolewa, babu yenu alikuwa ametoka jeshini, amekuwa soja wa geti mtaa wa matajiri. Jumamosi tulikuwa tunaenda pamoja kuchota maji, yeye anabeba mitungi miwili, mimi mmoja. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akifungua mfereji, mtu wa maneno mengi. Siku moja foleni ilikuwa imefika mpaka kwenye reli, na jua lile, na mimi nina mimba ya shangazi yako. Yule mzee akapaza sauti, "Kapteni, pita mbele na mama!" Watu wakatupisha. Nikashukuru Mungu, nikaanza kwenda. Babu yenu hakusogea. Akasema, si kwa hasira, "Mimi ni koplo, na nimekuja nikiwa wa mwisho. Mama apite, ana mimba. Mimi nitangoja." Akarudi nyuma kabisa na mitungi yake. Nilimnunia mpaka jioni. Nilimwambia kuitwa kapteni hakuumi. Akaniambia, "Kunauma, wewe hujui." Na mimi nikafikiri ni kiburi tu cha wanajeshi.

Sasa narudi pale hemani. Pasta alikuwa anajiandaa kuomba tulipomwona Zablon akishushwa kwenye boda boda. Alikuwa amevaa koti la suti na kofia yake ya jeshi iliyochujuka rangi. Viatu vyake vilikuwa viking'aa, hata kile cha mguu wa bandia. Akaja taratibu na bakora yake mpaka mbele. Akaangalia bango.

"Shemeji," akaniambia, "huyu mnayemzika ni nani?"

"Ni rafiki yako, Zablon."

"Rafiki yangu simwoni hapa. Huyo aliyevaa nyota simjui, na siwezi kumpigia saluti mtu mwenye cheo ambacho si chake. Mtanisamehe."

Akageuka kuelekea barabarani. Mwanangu, nilimwona babu yenu akiondoka Nairobi bila kile kitu kimoja alichoniomba.

Brayo akamkimbilia. "Mzee, si ni heshima tu? Tumempandisha cheo."

Zablon akasimama. "Mmempandisha. Na unajua alishushwa kwa nini?"

Hapo ndipo niliposikia sauti yangu mwenyewe, kubwa kuliko nilivyotaka. "Alishushwa?"

Mzee akaniangalia kama mtu aliyekanyaga kitu gizani. Alidhani najua. Miaka yote hiyo alidhani najua.

Akasema pale pale, watu wote wakisikia. Babu yenu alikuwa sajenti, tepe tatu. Huko kaskazini, gari moja la kikosi chao likakanyaga bomu, na Zablon akabaki ndani mguu umesagika. Mkubwa wao akaamuru mtu yeyote asiende, wangoje mpaka kesho, kwa maana njia ilikuwa na mabomu mengine. Babu yenu akachukua lori bila ruhusa, akaenda peke yake, akamtoa. Waliporudi akashtakiwa kwa kukataa amri. Akavuliwa tepe moja, na hakurudishiwa tena mpaka akatoka jeshini.

"Alinikataza kusema," Zablon akasema. "Aliniambia cheo cha koplo ndicho cheo alichokichagua mwenyewe."

Sikulia. Nilikuwa nimekauka. Mimi niliyemfulia, niliyemzalia, niliyemuuguza, kila Jumapili nilikuwa naona akitembea kwa miguu kwenda Gatina, na ninamuuliza, "Kwani huyo fundi wa viatu ana nini?" Anasema, "Ni rafiki." Nilimkasirikia akiwa ndani ya jeneza. Nilitaka nimwamshe nimgombeze.

Badala yake nikawaambia Brayo na wenzake, "Teremsheni hiyo kitu." Wakateremsha. Nikasema na fulana pia. Hawakuwa na nguo nyingine, basi wakaenda nyuma ya hema wakazigeuza ndani nje, wakarudi na mishono na lebo shingoni, hakuna aliyecheka.

Zablon akarudi mbele. Akanipa bakora yake nimshikie. Akajinyoosha, mguu mmoja ukitetemeka, akainua mkono kwenye kofia, akasema neno moja tu: "Koplo." Akakaa hivyo mpaka nikaogopa ataanguka. Hakuanguka.

Sasa nisikilize, mwanangu. Sisi wazee tukienda, msituongezee kitu. Mkituongezea nyota mnafunika zile tepe ambazo mtu alizichagua mwenyewe. Kama mnatuonea aibu jinsi tulivyo, njooni mtuulize tungali hapa, na mkae mpaka tujibu, kwa maana wengine wetu ni wagumu kusema. Mimi niliuliza nikiwa nimeshika sufuria, nikaondoka kabla hajamaliza kujibu. Na wewe mwenyewe ukiitwa mkubwa mahali ambapo si mkubwa, rudi nyuma kwenye foleni. Utachelewa kupata maji, lakini utayapata ukiwa wewe.

Mungu akupe siku nyingi, na mkate wako usikatike. Na siku yako ikifika, akupe hata mtu mmoja wa kusimama mbele ya jeneza lako bila kuuliza huyu ni nani.