Muadhini wa Magogoni na Mshindo wa Mbinguni

Mzee Shee Nabhani alikuwa na mambo mawili ya kujivunia duniani, na yote mawili hakuyaficha. La kwanza, hakuna jiko la mafuta ya taa katika Magogoni nzima lililopata kumshinda kulitengeneza. La pili, kwa miaka ishirini na miwili ndiye aliyekuwa muadhini wa msikiti mdogo wa mtaani, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyefuturu kwa sauti yake akaja kujuta. Hili la pili alipenda kulisema hata pale asipoulizwa.

Basi Ramadhani hiyo mbingu ikaanza vituko. Mwezi kumi na nne, yaani siku ya kumi na nne ya mfungo, mchana wa jua kali, ulipasuka mshindo huko juu hata mabati ya nyumba yakatetema na kuku wakakimbilia chini ya vitanda. Wingu hakuna. Mwezi kumi na sita, tena. Mwezi kumi na saba, mara mbili. Watu wakawa hawana raha. Anwar, aliyekuwa akifanya kazi bandarini Kipevu, aliapa kwamba si kontena lililoanguka, maana kontena likianguka yeye hupata habari kabla ya mwenye mali. Wengine walisema ni ndege za kivita zinazokwenda mbio kuliko mlio wao. Mwalimu mmoja akasema ni vimondo, mawe yanayotoka angani na kupasuka kabla ya kufika chini. Ajuza mmoja alisema ni dalili za kiyama, akaanza kugawa vyombo vyake, kisha siku ya pili akapita nyumba kwa nyumba kuvidai.

Mzee Shee aliwacheka wote.

"Mwababaika bure," aliwaambia barazani. "Mimi mlio wa mbinguni na mzinga wa Mishomoroni wallahi nitavitenga hata nikiwa usingizini."

Mzinga aliousema ni baruti iliyokuwa ikipigwa kila magharibi ya Ramadhani kwenye msikiti mkubwa wa Mishomoroni, kuwajulisha watu kuwa jua limetua. Upepo ukiwa mzuri, husikika waziwazi mpaka Magogoni.

Mwezi kumi na nane stima ikapotea tangu alasiri. Ule ubao wa taa unaoonyesha nyakati za swala msikitini ukazimika, na kipaza sauti kikafa. Mawingu yalikuwa yametanda, hata hujui jua liko wapi. Mzee Shee alikaa mlangoni mwa msikiti na tende zake tatu kisahanini. Alikuwa ameshinda juani akiziba majiko yanayovuja, na ulimi ulikuwa umegandana na kaakaa. Ndipo mshindo ukalia. Mmoja tu, mzito, kutoka upande wa Mishomoroni. Akainuka papo hapo, akatia vidole masikioni, akaadhini kwa koo lake mwenyewe, na koo la Mzee Shee halikuwa na haja ya stima.

Mtaa mzima ukafuturu. Wenye simu walikumbuka kutazama saa wakati tende zishapita kooni. Dakika kumi na moja baadaye, watu wako kwenye uji, mzinga wa Mishomoroni ukalia.

Hakuna aliyecheka. Baada ya swala, Ustadh Waleed, imamu wao, aliwaambia taratibu kwamba kila aliyefuturu atalipa siku ile baada ya Idi. Aliyekosea hana dhambi, alisema, lakini saumu haikutimia. Mzee Shee alikuwa safu ya mbele na masikio yalimwaka moto.

Kesho yake stima ilikuwapo, ubao unawaka, na aliadhini kwa wakati wake barabara. Alipotoka nje akawaona wanaume wameshika tende vidoleni, macho kwenye simu. Simu ziliposadiki, ndipo wakala. Laiti wangemtukana! Matusi angeyajibu, ulimi alikuwa nao. Lakini kutazama simu utajibu nini? Na juu ya hayo akasikia kwamba kamati ya msikiti itakutana Ijumaa kuzungumza habari ya muadhini.

Tangu hapo hakutulia. Kichwani mwake kulikuwa na jambo moja tu: akipata kuthibitisha kuwa mshindo ule ulikuwa wa baruti, baruti ya mtu yeyote, basi muadhini gani asingeteleza? Kosa litakuwa la baruti. Majiko ya watu yakalala bila kuguswa. Daku hakuila. Alimfuata Anwar akamuuliza kama meli huwa zinapiga mizinga. Alikwenda Mishomoroni kuwauliza wapiga mzinga kama hawakujaribu baruti kabla ya wakati, nao wakamtazama vibaya. Alisimamisha watu njiani.

Mkewe, Tima, alimvumilia siku tatu.

"Ukishajua ni kitu gani, utafanya n'ni?" alimuuliza. "Utakwenda kuishitaki mbingu?"

"Nataka kujua tu."

"Haya. Jua."

Alhamisi akapanda gari mpaka kwenye machimbo ya mawe, mbali kidogo kaskazini mwa Kisauni. Mtu wa kutega baruti pale alikuwa Mkamba mmoja aitwaye Kyalo, uso umejaa vumbi jeupe. Alimpa mzee shikamoo na kigogo cha kukalia, akasikiliza swali lake.

"Hiyo siku sisi hatukulipua jioni," Kyalo alisema. "Tunalipua saa sita na saa tisa, basi. Huo mlio hata sisi tuliusikia."

"Sasa ulikuwa wa nini?"

"Sijui, mzee. Labda ndege. Labda radi ya mbali huko baharini. Mawingu yakiwa mazito sauti inatembea sana, ikifika huwezi kujua imetoka wapi. Mimi mwenyewe nimefanya hii kazi miaka tisa na inanidanganya. Ndiyo maana king'ora kikilia, bado naangalia saa kabla sijawasha." Akautazama mkono wa kushoto wa Mzee Shee, wenye saa. Aliuliza bila ubaya wowote. "Kwani wewe hukuangalia?"

Mzee Shee alifungua kinywa amwambie habari ya stima, na ubao, na mawingu. Lakini macho yake yakafuata ya Kyalo. Saa ilikuwa pale mkononi ikienda, kama ilivyokuwa ikienda siku ile. Na sasa aliikumbuka ile nukta aliyokuwa ameikimbia siku nne: mshindo umelia, mkono wa kushoto unataka kuinuka, naye anauzuia. Aliogopa saa isije ikamwambia bado.

Aliporudi nyumbani Tima alikuwa jikoni anakoroga unga wa kaimati. Hakuketi.

"Tima, siku ile saa nali nayo."

"Najua," Tima alisema bila kugeuka. "Niliitia betri mimi asubuhi ile ile."

"Na mbona hukusema?"

"Si mimi niliyeadhini, Shee." Akaendelea kukoroga. "Na usidhani siku nne hizi nilikuwa na raha. Nilikuwa nangoja."

Aliona haya. Angeweza kungoja kikao cha kesho, akasema mbele ya wanakamati saba wenye adabu zao, nao wakamsitiri. Badala yake alitia udhu, akaenda msikitini mapema, akawasha kipaza sauti. Nje watu walikuwa wameanza kutandika mikeka ya futari, na kila nyumba ya Magogoni ilikuwa inangoja.

"Assalamu alaikum," alisema. "Ni mimi Shee. Mwezi kumi na nane niliwafuturisha kabla ya wakati. Nimezunguka siku nne kutafuta ule mshindo ulikuwa wa nini. Sikujua, na pengine sitajua. Lakini saa nilikuwa nayo mkononi, nzima, na sikuitazama, kwa sababu nilikuwa na kiu. Nisameheni. Kesho kamati iamue itakavyo. Sasa bado dakika nne. Msile."

Akasahau kuzima kipaza sauti. Kwa dakika nne mtaa mzima ulimsikia akipumua, na hakuna aliyegusa tende.