Nilimfundisha Mpinzani Wangu Chooni, Nikamkuta Mezani

Siku hiyo nilimpa mpinzani wa nchi yangu mbinu zangu zote. Bure. Tena nikamfunga na vifungo vya koti.

Na nilitoka pale kifua mbele, nikijiona mtu wa maana!

Ngoja nianze vizuri, maana nikikumbuka nacheka peke yangu mpaka mume wangu anauliza kama niko salama.

Mimi nafanya kazi wizara ya mambo ya nje. Siku nilipopata hiyo kazi, shangazi yangu aliniangalia kwa huruma kabisa. "Mambo ya nje? Kwani ndani hawakukupa nafasi?"

Sikujua kama alikuwa ananitabiria.

Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nje hasa. Wanaume wakiingia kuzungumza na wageni, mimi nabaki mlangoni napanga bendera na kuhesabu viti.

Halafu likaja suala la daraja.

Kati yetu na jirani zetu kuna mto, na juu ya mto kuna daraja. Hospitali kubwa ya karibu iko upande wao. Jioni kizuizi kinashushwa, na kikishashushwa hata ambulensi haivuki mpaka asubuhi.

Watu wetu walikuwa wanakufa pale pale kizuizini, huku taa za hospitali wanaziona.

Ripoti za wagonjwa hao zilikuwa zinapita mezani kwangu. Siku moja nilichoka. Nikamfuata mkurugenzi wetu. Tulimwita Bwana Kwahiyo, na akifungua mdomo utajua kwa nini.

"Mzee, mazungumzo ya safari hii naingia."

"Kwa hiyo unataka kukaa mezani?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo bendera atapanga nani?"

"Zitajipanga."

Akacheka mpaka akakohoa. Akakubali. Lakini akanionya: ukiharibu, unarudi mlangoni, na safari hii ni moja kwa moja.

Kitu kingine, upande wa pili uliongozwa na mwanamke. Kila pendekezo letu alikuwa amelizima. Ofisini tulimwita Mama Breki.

"Yule mama," mkurugenzi akaniambia, "akikutazama unasahau jina la nchi yako."

Mimi nilikuwa nimemwona mara moja tu, gazetini, kajificha nyuma ya miwani mikubwa kama vioo vya basi.

Asubuhi ya mkutano niliwahi kufika. Nikakimbilia choo cha wanawake kwenye lile jengo la mikutano, nikasimama mbele ya kioo najipa moyo.

Mara nikasikia mtu anahema ndani ya kijumba cha choo. Mlango ukafunguka. Akatoka mama wa makamo, miguu peku, viatu mkononi, anahangaika na vifungo vya koti. Vidole vinatetemeka kama ameshika waya wa umeme.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi, mwanangu. Naogopa. Nina kikao."

Jengo lile huwa na mikutano mingi. Ghorofa ya chini walimu wakuu walikuwa na semina yao. Nikajua tu, huyu ni mwalimu mkuu.

"Kikao na nani?"

"Na watu wabishi sana. Wanaongea kabla hujauliza."

Weee! Nikacheka. "Hao nawajua, mama. Hata kwetu wapo. Njoo hapa."

Nikamfunga vifungo huku nampa darasa.

"Kwanza, ukiulizwa swali gumu usijibu. Kunywa maji. Taratibu. Mtu mbishi hawezi kuvumilia ukimya, ataujaza mwenyewe, na atakachojazia ndicho unachokitaka."

"Eeh?"

"Pili, akipaza sauti, wewe shusha yako mpaka ainame kukusikiliza. Tatu, kabla hujakubali chochote mwambie, 'Nirudie nilivyokuelewa.' Na usimmiminie mtu chai! Ukimimina mara moja, umeshakuwa mtu wa chai."

Yule mama akacheka, machozi yakamtoka. "Na woga je?"

"Woga tunauruka."

"Tunaurukaje?"

"Hivi." Nikavua viatu, nikaanza kuruka papo kwa papo kama mtoto anayeruka kamba. Akanitazama. Halafu na yeye akaruka! Watu wazima wawili, chooni, tumeshikana mikono, tunaruka na kucheka. Mwanamke mmoja akafungua mlango, akatuona, akaufunga taratibu na kwenda zake.

"Mungu akubariki, binti," akasema.

"Kawanyooshe, mama!" nikamjibu.

Jamani. *Kawanyooshe.*

Nikaingia ukumbini nimechangamka. Tukakaa. Ujumbe wa upande wa pili ukaingia, na mwishoni kabisa akaingia kiongozi wao. Koti limefungwa vizuri. Chooni hakuwa na miwani; sasa anayo, kama vioo vya basi.

Bwana Kwahiyo akaniinamia sikioni. "Huyo ndiye Mama Breki."

Moyo ukafanya paa! Nikatamani sakafu inimeze na kiti changu.

Yeye akanitazama kidogo tu, akakaa.

Mkurugenzi wetu akafungua vizuri. Akasema tunaomba ambulensi zivuke saa yoyote. Akamaliza kwa swali: "Kwa hiyo mna pingamizi gani?"

Mama Breki akachukua chupa ya maji. Akamimina. Akanywa.

Taratibu.

Bwana Kwahiyo akaanza kujikuna shingo.

"Kwa hiyo... labda si saa yoyote. Tunaweza kusema kwa dharura kubwa tu."

Mama akanywa tena.

"Kwa hiyo... hata dharura kubwa, pengine mgonjwa anaweza kusubiri kidogo..."

Akanywa tena.

"Kwa hiyo wasubiri mpaka asubuhi, ilimradi kuwe na benchi!"

Benchi! Nchi inauzwa kwa benchi, na aliyefundisha biashara hiyo ni mimi!

Nikafanya kitu ambacho hakimo kwenye mafunzo yoyote ya kidiplomasia. Nilimkanyaga mkurugenzi wangu. Kisigino, juu ya kidole gumba.

"Yalaa!"

"Mkurugenzi anamaanisha," nikadakia, sauti imepanda, nikaishusha, "kwamba tungependa kwanza kusikia hofu yenu."

Kisha nikachukua chupa yangu. Nikamimina. Nikanywa, macho yangu kwenye miwani yake.

Akanywa. Nikanywa.

Wanaume wa pande zote mbili wakaona hii labda ndiyo itifaki mpya, na wao wakaanza kunywa. Ukumbi mzima ni glu, glu, glu.

Sasa, maji yana tabia yake. Yakiingia, yatataka kutoka.

Wa kwanza kuinuka alikuwa mwanasheria wao. Wa pili wetu. Bwana Kwahiyo alivumilia mpaka macho yakamtoka, akanong'ona, "Kwa hiyo shikilia hapo, narudi!" akaondoka anachechemea, sijui ni kidole au ni kibofu. Mwishowe ukumbini tukabaki wachache, na wenye kusema ni mimi na yeye.

Mama Breki akaweka glasi chini. Mdomo ukamcheza. Nikajua anakaribia kucheka, na mimi nikang'ata shavu kwa ndani.

"Hofu yetu," akasema, "ni magari. Tuliwahi kukamata ambulensi imejaa magendo, na mgonjwa wake alikuwa mzima, anakula karanga. Gari likivuka usiku, nani atalipekua? Na likipekuliwa, mgonjwa si atakufa?"

Hapo kicheko kikaniisha. Hoja yake ilikuwa ya kweli. Kumbe miaka yote ile hakuna upande wetu aliyewahi kunyamaza vya kutosha kuisikia.

Nikafikiri. Sikunywa maji. Nilifikiri kweli.

"Basi gari lisivuke," nikasema. "Mgonjwa avuke."

"Vipi?"

"Ambulensi yetu iishie katikati ya daraja, pale kwenye mstari mweupe. Yenu ije ikutane nayo. Mgonjwa anahamishwa kwa machela, gari kwa gari. Hakuna gari lililovuka, hakuna cha kupekua."

Akanyamaza. Nikamwacha anyamaze.

"Nirudie nilivyokuelewa," akasema, na safari hii tukashindwa kujizuia. Tukaangua kicheko mpaka walinzi wakachungulia.

Alirudia vizuri, neno kwa neno. Bwana Kwahiyo aliporudi alikuta tunaandika.

"Kwa hiyo tumekubaliana?"

"Tumekubaliana, mzee."

"Kwa hiyo... na mimi nilikuwepo?"

"Ulikuwepo, mzee. Roho yako."

Baada ya kutia saini nikamfuata yule mama kwenye korido. "Mama, pale chooni uliniigizia?"

"Kutetemeka ni kwa kweli, mwanangu. Kila mkutano natetemeka, nimeshazoea." Akanigusa kitambulisho changu shingoni. "Ila wewe nilikujua tangu nilipotoka mle ndani. Una jina la nchi yako kifuani."

"Ukaniacha niseme yote yale!"

"Nilikuwa natafuta mtu wa kuzungumza naye upande wenu. Unadhani nilipenda kufunga breki miaka yote hiyo?"

Nikamfunga kifungo cha koti kilichokuwa kimefunguka.

Mnadhani imeisha? Subirini.

Miezi ikapita, wagonjwa wakawa wanahamishwa bila tatizo. Mpaka alfajiri moja simu yangu ikalia, taarifa kutoka darajani. Mama mjamzito, uchungu umepamba moto. Machela ikafika kwenye mstari mweupe, na mtoto akasema mimi sisubiri itifaki ya mtu. Akazaliwa pale pale! Machela imelala juu ya mstari, kichwa cha mama kwetu, miguu kwao.

Walinzi wa pande zote wakaanza kubishana.

"Raia wetu huyo! Kichwa cha mama kilikuwa kwetu!"

"Kwani mtoto alitokea kichwani?"

Mama wa mtoto akainuka kidogo kwenye machela, jasho linamtoka, akawaambia, "Nyie, mwacheni anyonye kwanza."

Ubishi ukaishia hapo. Mlinzi mmoja akavua koti lake, akamfunika.

Kabla sijanawa uso, Mama Breki akapiga. "Binti, huyu ni wetu."

"Mama, ni wetu!"

Tulicheka mpaka salio likaisha. Siku hiyo hiyo waziri akaamua mazungumzo ya uraia wa mtoto yataongozwa na mimi. Kuongoza, si kukaa pembeni. Bwana Kwahiyo alinipa mkono. "Kwa hiyo wewe ndiye bosi wangu huko," akasema. Nikaona anafurahi kweli, ingawa miguu aliiweka mbali na yangu.

Wanawake wenzangu mnaoitamani kazi hii, woga hauishi, ingieni nao hivyo hivyo. Kaeni mezani, msikilize mpaka upande wa pili useme kinachowauma. Na wakubwa wakianza kuvutana kuhusu mpaka ni wa nani, awepo mmoja wenu wa kusema: mtoto anyonye kwanza.